Ziwa Lilitukimbia, Sasa Limerudi Kudai Nyumba

Sisi wa Ujiji hatuna ugomvi na Kigoma. Tuna manispaa moja na migebuka tunaigombea soko moja. Lakini mgeni akishuka kwenye treni akauliza, "Ujiji ni mtaa wa Kigoma?", roho zinatuuma.

Mtaa! Burton na Speke mwaka 1858 walifika Ujiji. Stanley mwaka 1871 alimkuta Livingstone hapa hapa, chini ya mwembe. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilikuwa ikiishia ufukweni kwetu. Si yote ya kujivunia, maana pamoja na pembe za ndovu, watu nao waliuzwa. Lakini mji ulikuwa huu.

Kilichotuponza ni mto, tena wa ng'ambo. Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na magugu. Mnamo 1878 ukazibuka. Maji ya Ziwa Tanganyika yakakimbilia huko, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kama mita 10. Ufukwe wetu ni wa kina kifupi, ukasogea mbali. Leo ukisimama penye mnara wa Livingstone, maji unayatafuta kwa macho. Wajerumani walipofikisha reli mwaka 1914, waliiishilizia Kigoma, kwenye ghuba yenye kina na kinga ya upepo. Hata meli yao, Graf von Goetzen, ambayo ndiyo Liemba, iliungwa huko. Sisi tukabaki na miembe.

Basi, tukasema, ziwa limeondoka, tujenge. Tukajenga. Tangu mvua kubwa za 2020 limerudi kama mdai: limeingia kwenye mialo, limeingia nyumba za ufukweni, watu wamehama na magodoro kichwani. Kusini kwetu nako mto Luiche kila masika unashusha tope la milimani. Ukiuliza, unaambiwa usingejenga bondeni. Na babu aliyejenga alipoona pakavu, nani alimwonya?

La kuchekesha zaidi ni bombani. Ziwa la pili kwa kina duniani liko mlangoni, na kina mama wanapanga ndoo alfajiri kungoja mgao.

Tunamwonea wivu Livingstone. Yeye maji aliyakuta karibu na mwembe, mahali pake. Sisi tunayakuta chumbani tusipoyaita. Tukiyaita bombani, hayaitiki.