Anayetumia methadoni naye huumwa



Mdogo wangu aliacha unga wa heroini miaka minne iliyopita. Kila asubuhi hunywa methadoni kliniki, dawa ya kumsaidia asiurudie. Mwezi uliopita alivunjika mguu, akapasuliwa na kuwekewa vyuma. Usiku alipolia kwa maumivu, tuliambiwa wodini kwamba ana dawa yake, inamtosha.

Haimtoshi! Dozi ya methadoni huzuia arosto, yaani mateso ya kukosa unga, siku nzima, lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu hudumu saa nne hadi nane tu. Na mwili uliozoea dawa za aina hiyo mara nyingi huhitaji morfini nyingi zaidi, si pungufu.

Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, si ngeni tena. Nawaomba madaktari wapige simu kliniki kuthibitisha dozi kabla ya upasuaji, wasiikatize, kisha waongeze dawa nyingine: parasetamoli, sindano ya ganzi, hata morfini ikibidi, kwa uangalizi. Kumnyima hakumlindi. Siku ya pili alininong'oneza: "Dada, najua pa kupata cha kunituliza." Nililala sakafuni kando ya kitanda chake hadi daktari mwingine alipoingia zamu, akamsikiliza.

Dada wa mgonjwa,
Temeke, Dar es Salaam