Vijimea vinavyopika mawingu

MPENZI msomaji, ukiwahi kutembea ufuoni Mombasa, bila shaka waijua ile harufu ya bahari inayokupokea kabla hata hujayaona maji. Sehemu ya harufu hiyo ni gesi yenye salfa iitwayo dimethili salfaidi. Hutokana na planktoni, yaani vijimea vidogo mno vinavyoelea majini, ambavyo huwezi kuviona ila kwa hadubini.

Leo twende mbali zaidi, hadi kwenye ncha za dunia: Aktiki na Antaktika. Huko jua hutoweka majira ya baridi. Linaporudi, barafu ya baharini huyeyuka na vijimea huzaana kwa wingi. Vinapokufa au kuliwa, gesi hiyo hutoka na kupanda hewani. Hapo jua huchochea mabadiliko ya kikemia, gesi ikageuka kuwa asidi za salfa, na asidi zikafanya chembe ndogo kuliko vumbi. Mvuke hushikamana na chembe hizo, ukawa matone. Matone nayo yakawa wingu.

Kwa nini ncha za dunia? Kwa sababu hewa ya huko ni safi. Jijini Nairobi kuna vumbi na moshi wa magari, hivi kwamba chembe chache zaidi si kitu. Antaktika hakuna miji wala viwanda, kwa hivyo wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya chembe za salfa ni kazi ya vijimea.

Huenda ukauliza, haya yatuhusu nini? Mawingu hurudisha mwanga wa jua juu, bahari ikapoa. Mwaka wa 1987 wanasayansi wanne, akiwemo Mwingereza James Lovelock, walieleza katika jarida la Nature kwamba joto likizidi, huenda gesi hiyo ikaongezeka, mawingu yakang'aa zaidi, na dunia ikajipoza yenyewe. Fikra tamu! Lakini mwaka wa 2011 Patricia Quinn na Timothy Bates wa Marekani walijibu katika jarida hilo hilo kuwa chembe nyingi za mawingu ya baharini zina asili nyingine pia, kama vile chumvi inayorushwa na mawimbi, na kwamba mnyororo huo ni dhaifu.

Basi tusivitwike vijimea mzigo wetu. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Moshi ni wetu, na kuupunguza ni juu yetu.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.