Anzeni na ile ya 1993

Asante mwandishi kwa kumkumbuka mwanamuziki Ayub Ogada, ila umeishia kwenye filamu ya The Constant Gardener (2005), kama wengi. Wimbo wake uliomo humo, "Kothbiro", ni mlango tu. Albamu yenyewe, En Mana Kuoyo, ilitolewa 1993 na Real World, lebo ya Peter Gabriel, na inataka isikilizwe yote. Mimi huisikiliza kwenye matatu ya Kawangware, foleni ikikaba Valley Road. Kijaluo changu hakivuki salamu, lakini nyatiti ile yenye nyuzi nane inapigwa bila haraka, na sauti haipandi hata pale ambapo mwimbaji mwingine angelia. Huzuni yake haiombi kuhurumiwa. Albamu ya Kodhi (2015), aliyofanya na mpiga gitaa Trevor Warren, ni nzuri pia, ingawa kwangu gitaa linaongea mno.

Kinachoniuma ni kwamba alipiga na African Heritage Band hapa hapa Nairobi, kisha ikabidi akapige nyatiti kwenye stesheni za treni za London ndipo asikike. Alifariki Februari 2019. Nyinyi vijana wa Westlands mnaouliza pa kuanzia: anzeni na ile ya 1993, na msiruke wimbo.