Piga hewa kwanza

Wiki hii tuko Usa River, pale Kiligolf, uwanja wa mashimo 18. Kaa pembeni ya grini yoyote uone vituko. Jamaa kapiga fimbo ndefu, mpira umepaa mpaka wenzake wakapiga makofi. Zimebaki hatua 10 tu. Anapunga hewani mara mbili chapchap kama anafukuza nzi, halafu anaukata mpira kichwani, huo unavuka grini mpaka upande wa pili. Soda zimekwenda!

Bwana wee, kupunga kule siyo mbwembwe, ni kipimo. Simama kando ya mpira, kwenye nyasi zinazofanana na zile ulipolala. Macho kwenye shimo. Vuta fimbo nyuma kwa urefu ule ule utakaopiga nao, kisha ifagie nyasi. Usiposikia "fwaa", hapo hujapima kitu, rudia. Wakati wa masika nyasi nzito zinang'ang'ania fimbo, na ni afadhali uligundue hilo kabla hujaugusa mpira. Ukipata pigo linalokuridhisha, sogea upige papo hapo, mkono haujasahau. Mara mbili tatu zinatosha; walio nyuma yako nao wana hasira zao.

Ila kwenye bunka chunga sana. Ukipunga fimbo ikagusa mchanga, umeongezewa mapigo 2. Kama mnashindana shimo kwa shimo, hilo limeliwa. Pimia nje ya mchanga.

Huna hela ya uwanja? Fimbo moja ya kuazima na nyasi za uani zinatosha, hata bila mpira.