Nani anarudia ombi?

Bukavu tunawajua Frères de la Charité kwa Sosame, kituo chao cha wagonjwa wa akili. Wana hospitali za aina hiyo Ubelgiji pia, na mwaka 2017 wakuu wa hospitali hizo walikubali kwamba mgonjwa anayeomba kufa anaweza kufishwa na daktari humohumo. Roma ilipinga, na mwaka 2020 ikatangaza kuwa si hospitali za Kikatoliki tena. Ugomvi huo nawaachia wanateolojia. Mimi nasoma lugha, na linalonishughulisha ni neno moja la sheria.

Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 28 Mei 2002 inapokea mateso yasiyovumilika ya akili kama ya mwili. Inataka ombi liwe la hiari, lililofikiriwa na lililorudiwa. Kurudia! Mwenye saratani akirudia ombi lake, tunajua ni yeye anayesema. Mwenye sonona, ile huzuni iliyo ugonjwa, je? Kutamani kufa ni mojawapo ya dalili zake, na dalili tabia yake ni kurudi. Kwa mgonjwa ambaye kifo chake hakiko karibu, sheria inaongeza daktari bingwa na muda wa mwezi mmoja tangu ombi liandikwe. Dawa za sonona peke yake huchukua wiki kadhaa kabla hazijaonyesha kazi.

Watetezi wanajibu: kumfungia mlango ni kusema neno lake si neno. Hoja hiyo inaniuma, maana kwetu ndivyo tunavyofanya. Mtu akishaitwa kichaa hasikilizwi tena, hata akisema ana njaa. Sitaki sheria ya namna hiyo. Lakini kumsikiliza mtu si kumtimizia kila anachoomba, na kwa ugonjwa wa akili peke yake mimi ningekataa.

Kiswahili kina kitenzi kufiwa: kiima chake ni yule aliyebaki. Katika sheria ya Ubelgiji, daktari huzungumza na jamaa mgonjwa akitaka tu. Sidai jamaa wapewe kura. Kuna jamaa waliochoka, na kuna wenye macho kwenye nyumba ya marehemu mtarajiwa. Ila wao ndio wanaokumbuka alivyokuwa akisema kabla hajaugua, na bila kumbukumbu hiyo sioni daktari atapimaje ni nani hasa anayerudia ombi.