Toroli Limelala Mtaroni: Nani Aliondoe?



Juma hili tuzungumze habari ya kitu kidogo chenye magurudumu manne. Ni toroli la supamaketi, kile kikapu cha chuma ambacho mnunuzi hukisukuma akikusanya sukari, mchele na sabuni. Likiwa dukani halina neno. Lakini katika miji mingi ya Ulaya, Marekani na Australia, matoroli hutoka mlangoni, huvuka barabara, kisha huachwa kando ya njia au hutumbukizwa mtoni. Hapo ndipo ugomvi unapoanza: nani aliondoe, na kwa fedha ya nani?

Kwanza tujue asili yake. Bwana Sylvan Goldman, mwenye maduka ya vyakula katika mji wa Oklahoma City, Marekani, aliona kwamba mnunuzi akilemewa na kikapu huacha kununua. Akakitazama kiti cha kukunja, akapata shauri: tukitie magurudumu, tukiwekee vikapu viwili. Tarehe 4 Juni 1937 akaonyesha matoroli yake dukani. Ajabu ni kwamba watu waliyakataa! Yasimuliwa kuwa vijana waliona haya kuonekana dhaifu, na akina mama walisema wamekwisha choka kusukuma vigari vya watoto. Basi Bwana Goldman akawaajiri watu wayasukume huku na huku, wengine wakiona waige. Nao wakaiga. Mwaka 1946 Bwana Orla Watson wa Kansas City akabuni toroli linaloingia ndani ya lenzake, ndiyo maana leo hupangwa mstari mmoja mrefu mlangoni.

Sasa, kwa nini huachwa ovyo? Wako watundu wanaolichezea na kulitupa. Lakini tusimsahau mtu asiye na gari. Maduka mengi makubwa ya huko yalijengwa kwa ajili ya wenye magari, mbali na nyumba za watu. Mfikirie mama mwenye watoto wawili na mifuko sita, na basi limekwisha mpita. Afanyeje? Husukuma toroli mpaka nyumbani. Akiisha kushusha vitu vyake, kulirudisha ni safari nyingine, basi huliacha chini ya ngazi. Kesho liko barabarani, keshokutwa limo mtaroni, na mvua ikinyesha lazuia takataka na maji.

Miji imejaribu njia nyingi. Ya kwanza ni kumbana mwenye duka. Uingereza, sheria ya mwaka 1990 iliziruhusu halmashauri kulikamata toroli lililoachwa, kulitunza ghalani kwa majuma 6, kisha kuliuza au kulitupa ikiwa mwenyewe hakuja. Akija, hulipa gharama. Katika jimbo la California, kwa miaka mingi sheria ilimpa mwenye duka siku 3 za kazi baada ya kupewa habari. Asipolichukua, mji waweza kulikamata na kumdai gharama. Jimbo la New South Wales, Australia, lilitunga sheria yake mwaka 2021. Toroli linalohatarisha wapita njia hutakiwa liondolewe kwa saa 3 tu.

Wenye maduka hunung'unika: “Tumeibiwa sisi, na faini tutozwe sisi?” Yana haki maneno yao. Lakini jirani naye ana haki, maana hakununua kitu wala hakusukuma kitu, na uchafu uko mlangoni pake.

Njia ya pili ni kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta. Maduka mengine yamezika waya ardhini kuzunguka kiwanja cha magari. Toroli likivuka mpaka huo, gurudumu lajifunga. Mengine hutumia sarafu. Matoroli yamefungwa kwa minyororo, moja kwa lenzake. Watia sarafu, mnyororo wafunguka. Ukirudisha toroli, sarafu yako yarudi. Katika maduka ya Aldi huko Marekani sarafu hiyo ni senti 25 tu. Ni fedha kidogo mno, lakini yamkumbusha mtu kwamba alichokishika si chake. Tena mtoto akilikuta toroli limeachwa kiwanjani, atalirudisha mbio ili aipate sarafu ile. Hapa hakuna polisi wala karani wa faini.

Lakini liko toroli la namna nyingine, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Katika mtaa wa Skid Row, mjini Los Angeles, wamo watu wengi wasio na nyumba. Toroli kwao ni kabati, ni stoo, ni nyumba yenyewe: mna blanketi, dawa, vyeti na picha za jamaa. Jumuiya ya Catholic Worker ya mji huo ilinunua matoroli na kuwagawia, wasije wakaambiwa wameiba. Hata hivyo watumishi wa mji walikuwa wakichukua na kuharibu vitu vya maskini hao, wenyewe wakiwa wamekwenda kuoga, kula au kusikiliza kesi zao mahakamani. Watu tisa wakaushtaki mji. Mwaka 2012 mahakama ya rufani ikaamua kwamba kitu kilichoachwa kwa kitambo njiani hakijatupwa. Mji hauna ruhusa ya kukiteketeza bila kumpa mwenyewe habari.

Basi, msomaji, matoroli mawili yaweza kusimama njia moja, la kwanza limetupwa, la pili linangojewa na mwenyewe. Kwa mbali yafanana. Mji wenye akili hutazama kwanza kabla ya kupakia lorini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye gari hamjui aendaye kwa miguu na mifuko sita.

Nasi huku tuna vya kuazima: jembe la jirani, viti vya harusi, sufuria za matanga. Tukiisha kuvitumia, turudishe bila kungoja kuulizwa. Na tukikuta cha mwenzetu kimelala njiani, kabla ya kukitupa tuulize kwanza ni cha nani, na kwa nini kimefika hapo.

Kwaherini mpaka juma lijalo.