Wauza sola, acheni kuuza bila kontrola

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara wa Mjimwema, leo sizungumzii mbolea. Nimechoka kuona betri zinazochemka.

Mahindi yakishauzwa, watu wananunua sola. Muuzaji anatoa paneli, betri na taa, kisha anamwambia mteja, "Kontrola si lazima, unganisha moja kwa moja." Mteja anafurahi bei imeshuka. Mimi nasema ameuziwa hasara.

Paneli inayoitwa ya volti 12, kwenye jua kali na bila kuunganishwa na kitu, hufika volti 21 hivi. Betri ya maji inataka kuchajiwa hadi kama volti 14.4. Ikishajaa na paneli ikaendelea kusukuma, maji yake yanageuka hewa ya haidrojeni na oksijeni; ndiyo hayo mapovu mnayoyasikia. Haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa iliyopo, cheche moja inatosha kuilipua, na betri ikipasuka inarusha asidi. Na wengi wetu betri tunaiweka wapi? Chini ya kitanda, karibu na kibatari!

Mtanijibu, "Yangu ina mwaka mzima haijalipuka." Sawa, fungua vifuniko utazame. Kama pleti ziko wazi bila maji, betri hiyo inakufa. Betri kavu nazo hazijapona: zinavimba, na maji huwezi kuziongezea. (Kweli, kipaneli cha wati 5 hakiisumbui sana betri kubwa ya gari. Wati 100 za kuchajia simu za wateja ni habari nyingine.)

Ninyi wenye maduka, bei ya kontrola ndogo ni kidogo sana mbele ya bei ya betri. Ihesabuni humo tangu mwanzo, pamoja na fyuzi ya waya wa chanya. Mteja akikataa, msimuuzie.

Aliyekwisha kuunganisha moja kwa moja asubiri jua lizame, afungue madirisha, ndipo achomoe waya za paneli. Siku ya kufunga kontrola aanze na waya za betri, za paneli zifuate. Wakati wa kutoa, paneli itangulie. Pleti zikiwa wazi, aongeze maji ya betri yasiyo na asidi, si ya kisima. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, kisha hospitali.

Na betri itoke chumbani. Najua mnaogopa wezi. Tengenezeni sanduku la mbao lenye kufuli, liwe na matundu juu, maana hewa hiyo hupanda, likae barazani kivulini.